Santuri Nairobi: anza na zile ndogo za 45

Wanaokuja Nairobi kutafuta santuri wengi wao huwa na LP kichwani, yaani ile santuri kubwa ya inchi 12: kava kubwa, wanamuziki wamejipanga na suruali zao pana, nyimbo nane au kumi ndani. LP zipo. Lakini mali yenyewe ya mji huu ni santuri ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, isiyo na kava la picha, na kwenye kibandiko cha katikati mara nyingi kuna jina la mwenyewe wa zamani limeandikwa kwa kalamu ya wino. Biashara ya muziki hapa ilisimama juu ya hizo. Bendi ilirekodi wimbo mrefu, wimbo ukakatwa mara mbili, sehemu ya kwanza ikaenda uso wa A na sehemu ya pili uso wa B. LP nyingi zilikuwa mkusanyo wa nyimbo ambazo zilikwisha kuuza kama santuri ndogo, na nyimbo nyingine nzuri kabisa hazikuwahi kuingia kwenye LP yoyote. Kwa hiyo anayepita moja kwa moja kwenye rafu ya LP na kuyaacha maboksi ya 45 pale chini ameacha nyama akachukua mchuzi.

Sababu ya utajiri huu ni viwanda. Nairobi ilikuwa na mitambo ya kuchapa santuri tangu miaka ya 1950, na muziki wa eneo zima ukawa unapitia hapa. Dansi la Tanzania lilirekodiwa kwa wingi Radio Tanzania Dar es Salaam, ila lilipofika kwenye santuri lilichapwa Nairobi, ndiyo maana Morogoro Jazz, Western Jazz na Vijana Jazz unawakuta kwenye maboksi ya Kenya. Wakongo waliohamia hapa miaka ya 1970, kina Baba Gaston, Les Mangelepa waliomega kutoka kwake mwaka 1976, na Super Mazembe, wote walichapwa hapahapa. Benga, ule muziki wa gitaa wa Wajaluo wa Nyanza, ndiyo usiseme. Phares Oluoch Kanindo alikuwa na lebo iitwayo Sungura, na santuri zake zilisafiri hadi Zimbabwe zikapendwa kiasi kwamba aina nzima ya muziki wa gitaa wa kule ikaitwa sungura. Ukiikuta lebo hiyo sokoni, ujue umeshika kitu ambacho Harare nako wanakijua kwa jina.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kisha kaseti zikachukua soko. Kilichochapwa kabla ya hapo ndicho kilichopo, na kila mwaka kinapungua, maana wanunuzi wa Ulaya na Japani nao wanajua njia.

Wapi pa kwenda

Kenyatta Market, karibu na Barabara ya Mbagathi, ndipo pa kuanzia. Wenyeji wanaijua kwa nyama choma na kwa wasusi watakaokushika mkono hata kama una upara. Ndani mle, kibanda namba 570, Real Vinyl Guru, kimejaa santuri kuta zote: LP zimesimama kwenye rafu, 45 ziko kwenye maboksi, na pleya ipo ya kujaribia. Mwishoni mwa juma soko hujaa moshi na watu. Ukitaka kusikiliza kwa utulivu nenda siku ya kazi asubuhi. Usiende na haraka ya saa moja. Maboksi hayajapangwa kwa alfabeti, na boksi moja tu likiwa na santuri 150 ukizigeuza moja moja ni kazi ya dakika arobaini.

Katikati ya mji, Mtaa wa Tom Mboya, jina la kujua ni Melodica, duka la familia lililokuwa na lebo yake lenyewe. Hapa mambo ni tofauti kidogo na kibandani. Kibandani unanunua santuri iliyokwisha kupigwa kwenye baa, nyumbani au kwa DJ. Melodica imejulikana kwa mali mpya ya zamani, yaani santuri zilizotoka kiwandani miaka hiyo zikabaki stoo bila kuuzwa. Usidhani kwamba haikupigwa basi haina kasoro. Santuri iliyolala chali chini ya nyingine mia kwa miaka arobaini huweza kupinda, na karatasi ya mfuko huacha alama za ukungu kwenye vinili, ile plastiki ya santuri. Nayo ikague kama nyingine.

River Road na vichochoro vyake ndipo yalipokuwa maduka ya muziki na ofisi za watayarishaji enzi hizo. Leo utakuta zaidi memori kadi na spika, lakini kuuliza si ujinga. Duka la saa, fundi redio, mzee mwenye stoo ghorofani: 45 hukaa sehemu kama hizo. Masoko ya Gikomba na Toi ni bahati nasibu. Pitia kama ulikuwa unaenda kwa mitumba hata hivyo.

Atafutaye taarabu asipoteze muda mwingi Nairobi. Ya Mombasa ilitoka kwa lebo ya Mzuri, ya Assanand & Sons, na Mombasa ndiko pa kuitafuta. Ajiandae pia kuambiwa kwamba anachokitaka kilitoka kwenye kaseti tu, kwa sababu maduka kama Mbwana Radio Service yalihamia kaseti mapema.

Kusoma kibandiko

Kibandiko cha katikati ndicho cheti cha kuzaliwa. Soma mambo manne: jina la lebo, namba ya katalogi, jina la mtunzi, na maandishi madogo ya pembeni yanayotaja nchi ilikochapwa. Lebo za kuzizoea macho ni Polydor ya Kenya, ASL, AIT, Sungura, Mzuri, Melodica, na kwa miaka ya 1960 Equator, ambako Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi. Namba ya katalogi iandike kwenye daftari au simu. Jina la bendi lilibadilishwa ovyo, na bendi moja ilitumia majina mawili kukwepa mkataba, lakini namba haidanganyi.

Halafu geuza santuri kwenye mwanga uangalie ile sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na kibandiko. Kuna namba zimechongwa pale, kwa mkono au kwa mashine. Zikilingana na za kibandiko, vizuri. Zisipolingana, ama ni kosa la kiwandani, vibandiko vimebandikwa kwenye santuri siyo, jambo ambalo hutokea, ama imechapwa upya kutoka sahani mama (ile ya kuchapia) nyingine. Kwa hali zote mbili, sikiliza kabla ya kulipa, maana kilichoandikwa na kilichomo ni vitu viwili.

Kukosa kava kusikutishe. Nyingi za 45 za hapa ziliuzwa kwenye mfuko wa karatasi wa kampuni, au mfuko mtupu. Jina la mtu kwenye kibandiko nalo linashusha bei kwa mkusanyaji wa Ulaya lakini halishushi sauti. Binafsi naona linaongeza.

Kukagua: tochi, ukucha, uso wa B

Shika santuri kwa kingo, vidole visiguse uso. Washa tochi ya simu uilaze pembeni, mwanga ukipita juu ya uso kwa mshazari, kisha zungusha polepole. Taa ya juu ya kibanda huficha kila kitu. Mwanga wa pembeni hufichua kila kitu.

Utaona aina tatu za uharibifu, na hazilingani. Ya kwanza ni mikwaruzo mingi myepesi kama nywele, inayotokana na kuingizwa na kutolewa kwenye mfuko wa karatasi. Inatisha macho kuliko masikio. Ya pili ni mkwaruzo mmoja wa kina. Pitisha ukucha juu yake taratibu: ukucha ukinasa, sindano nayo itanasa. Mkwaruzo unaokata mifereji, ile mistari ambamo sindano hupita, kwa upana utalia “tik” mara moja kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.3 kwenye 45, na unaweza kuvumilika. Ule unaofuata mfereji kwa urefu ndio mbaya, kwa sababu sindano inauchukulia kuwa njia, ikaruka mbele au ikarudi palepale. Huo achana nao.

Ya tatu ni kuchakaa, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Santuri haina mkwaruzo hata mmoja, lakini weusi wake umefifia ukawa wa kijivu, hasa mahali ambapo gitaa na tarumbeta ni kubwa. Hiyo imelimwa na sindano butu au pleya nzito ya zamani iliyokandamiza gramu tano, sita au zaidi. Hakuna dawa. Ukiisafisha itakuwa santuri safi inayokoroma.

Anza ukaguzi na uso wa B. Kwenye rumba na benga, sehemu ya pili ndiyo yenye chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanakimbizana, na baa nzima iliisubiri hiyo. Uso wa B hupigwa zaidi, na chemko lenyewe huwa karibu na mwisho wa mfereji, mahali ambapo sauti ni dhaifu kwa maumbile. Mzunguko wa nje ni mrefu, wa ndani ni mfupi, ila vyote viwili vinachukua muda uleule. Kwenye LP mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde mwanzoni, na sentimita 21 tu mwishoni. Kwenye 45 ni kama 40 mwanzoni na 25 mwishoni. Mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo kuchakaa kidogo kunasikika sana. Muuzaji akikubali kukupigia sekunde thelathini tu, omba thelathini za mwisho za uso wa B. Zikiwa safi, mwanzo nao kwa kawaida huwa salama.

Wakati inazunguka tazama mkono wa pleya. Ukipanda na kushuka, santuri imepinda. Kwa milimita moja au mbili sindano nzuri hufuata bila taabu. Ukiyumba kushoto na kulia, tundu halijakaa katikati. Hiyo ni kasoro ya kiwandani, na inasikika kama gitaa linalolegea na kukaza, hasa noti ndefu. Kwa kasoro hiyo omba punguzo, usiombe kubadilishiwa na nakala nyingine ya toleo lilelile, maana huenda zote zilitoka hivyo.

Bei na adabu

Salamu kwanza, ukae, uulizie kazi, ndipo ufungue boksi. Ulichotoa rudisha kilipokuwa. Ulizotaka ziweke rundo pembeni, na bei muulize ya rundo zima, siyo ya moja moja. Ukiuliza moja moja, kila unayoiulizia mara mbili inapanda.

Kuna bei tatu za santuri moja: ya kibandani, ile inayoombwa Discogs, tovuti ya kuuza na kununua santuri, na ile ambayo kweli iliwahi kulipwa huko Discogs. Ya mwisho ndiyo ya kuangalia, na iangalie kabla hujatoka nyumbani. Kumsukumia mzee simu usoni kumwonyesha kwamba anauza ghali ni njia nzuri ya kuambiwa bei haishuki. Jim Reeves, Boney M, ABBA na Kenny Rogers ni wengi mno Nairobi, hao usiwalipie zaidi ya bei ya kawaida hata kava ling'ae vipi. Benga safi ya 45, hasa ya bendi ndogo iliyotoa santuri mbili ikapotea, hiyo ukiiacha leo kesho haipo.

Kitu chenye faida kuliko kubishana ni kumwachia muuzaji orodha: bendi, namba ya katalogi, na hali unayokubali. Wauzaji hupata maboksi ya familia zinazohama au zinazogawana mali ya marehemu, na mwenye orodha ndiye anayepigiwa simu. Ukipigiwa, nenda. Ukikosa mara mbili jina lako linafutika.

Usafiri nao uwe na akili. Gari lililofungwa juani hupata joto la kuipinda vinili kabla ya chakula cha mchana kuisha, na kiti cha nyuma si salama kuliko buti. Zibebe wima, kwenye mfuko mgumu.

Kuosha

Santuri ya sokoni ina vumbi jekundu, mafuta ya vidole, na mara nyingine bia. Usiipige kabla ya kuiosha. Vumbi likikandamizwa na sindano linageuka msasa.

Changanya mililita 800 za maji safi ya betri ya gari na mililita 200 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kisha matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na rangi wala losheni. Maji ya betri soma chupa vizuri: kuna maji yenyewe yaliyotolewa madini, na kuna asidi, na vituo vya mafuta huviweka rafu moja. Alkoholi ipo maduka ya vifaa vya elektroniki, Luthuli Avenue kwa mfano. Maji ya bomba acha, kwa sababu yakikauka huacha chumvi ndani ya mfereji na utaisikia kama mafuta yanakaanga.

Kata kipande cha plastiki au tumia kifuniko cha mtungi kufunika kibandiko, maana wino wa zamani hutoka. Laza santuri juu ya taulo safi. Paka mchanganyiko kwa brashi laini, ukizunguka kufuata mfereji, kamwe usikate kwa upana, mizunguko kumi kwenda na kumi kurudi. Acha dakika moja uchafu ulainike. Suuza kwa maji matupu ya betri, mara mbili. Ukiruka kusuuza, sabuni itabaki, na baada ya kupiga mara moja utakuta kitu cheupe kimeganda kwenye sindano kama unga. Futa kwa kitambaa cha nyuzi ndogo, kisha simamisha kwenye kishikio cha sahani za jikoni ikauke kabisa. Irudishe kwenye mfuko mpya. Kuirudisha kwenye ule wa zamani ni kuoga na kuvaa nguo chafu.

Ukungu mweupe wa santuri za pwani huhitaji raundi mbili. Ukitoka wote lakini madoa yakabaki yakisikika kama upepo, basi ulikwisha kula vinili, na hapo umefika mwisho wa uwezo wa sabuni.

Pleya

Pleya za sanduku zenye spika ndani ni nafuu na zinapendeza, lakini nyingi zina katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya kauri inayokandamiza kupita kiasi, na 45 ya mwaka 1975 haitaki kulimwa tena. Tafuta pleya yenye mkono unaoweza kupimwa uzito. Katriji za Audio-Technica kama AT-VM95E hukandamiza gramu 2.0, AT3600L kama gramu 3 hadi 3.5, mizani ndogo ya vito huonyesha ukweli. Hofu ya kukandamiza sana isikupeleke kukandamiza kidogo mno: sindano inayoelea hugonga kuta za mfereji na kuzichubua zaidi ya ile iliyotulia.

Baadhi ya 45 zina tundu kubwa la milimita 38, kwa hiyo nunua adapta ya katikati mapema. Amplifaya iwe na tundu lililoandikwa PHONO, la sivyo ununue kikuza sauti kidogo cha pembeni. Katriji hutoa takriban milivolti 5 tu. Ukiichomeka kwenye AUX utasikia sauti nyembamba ya mbali, isiyo na besi, ukadhani santuri ni mbovu. Mvumo mzito usiokoma ni ule waya mwembamba wa ardhi haujafungwa.

Na pleya za mtumba kutoka Marekani zina mtego wake. Kule umeme ni volti 120, hezi 60. Hapa ni volti 240, hezi 50. Transfoma itakusaidia kwa volti, lakini hezi haibadilishi, na mota za zamani zinazofuata hezi zitazunguka polepole: 45 inakuwa 37.5, na mwimbaji anashuka nusu-toni tatu hivi, kama amechoka. Zinahitaji puli, lile gurudumu dogo la mota, ya hezi 50. Pleya za mota ya moja kwa moja zenye kidhibiti, mfano Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 kuendelea, hazina shida hiyo.

Mwisho, zile nzito nyeusi za 78, zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Utazikuta chini kabisa ya boksi, nyingine za HMV na Columbia, za kizazi cha Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Hizo ni shelaki, siyo vinili. Ikianguka imevunjika kama sahani ya udongo. Usiiguse kwa ule mchanganyiko wa alkoholi, kwa sababu alkoholi huyeyusha shelaki na uso utageuka matope mbele ya macho yako. Tumia maji ya betri na tone la sabuni tu, ukaushe haraka. Wala usiipige kwa sindano ya kawaida. Mfereji wake ni mpana, unataka ncha ya takriban maikroni 75, na ya 45 ina kama 18, kwa hiyo inatambaa chini kabisa ya mfereji ikiokota takataka. Kwenye familia ya VM95 kuna sindano ya 78, VMN95SP, inayokandamiza gramu 5, na inaingia kwenye katriji ileile. Mpaka ifike, santuri isimame wima kwenye mfuko wake.